Utando wa Mafuta, Betri ya Mama

Nianze na hili ili tusichoshane: mimi si fundi simu. Sifungui simu zilizoingia maji, sipigi windo kwenye kompyuta za watu, na sijui printa ya mtu yeyote imekwama wapi. Nimesema hivyo mtaani kwetu Kariakoo mpaka koo limekauka, na bado mtu anapanda ngazi hadi mlangoni kwetu, anagonga, ananisalimia vizuri, halafu anatoa mfukoni simu iliyopasuka kioo. "Dada wa kompyuta, hebu niangalizie." Jamani! Ukikataa unaonekana una roho mbaya. Ukikubali, kesho anakuja na shemeji yake.

Nilichokuwa nafanya na kompyuta, wakati ule nasoma shahada ya uzamili, ni kuangalia mafuta. Mama ndivyo alivyowaeleza watu: "Mwanangu anasomea mafuta." Wakadhani ya kupikia. Jirani yetu wa fremu ya pili kutoka duka la Mama la vitenge, mama mmoja anayeuza mashuka, aliniuliza kabisa kama naweza kumpatia dumu la alizeti kwa bei ya jumla. Nikamweleza kwamba mafuta yangu ni madogo kiasi kwamba hayaonekani. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyetapeliwa na chuo.

Ukweli ni kwamba kila seli mwilini imefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta, tabaka mbili zilizolaliana. Ngozi hiyo tunaiita utando. Dawa ikitaka kuingia ndani ya seli, lazima ikutane nao. Kolesteroli ikiwemo, utando unakaza, na ukikaza, dawa nyingine zinagoma kupita. Ni mwembamba mno kuuona ukicheza, kwa hiyo unaujenga ndani ya kompyuta. Unachukua chembe za mafuta, unazipanga ndani ya sanduku la maji la kufikirika, kisha unaiachia kompyuta ipige hesabu ya namna kila chembe inavyomsukuma jirani yake. Inapiga hesabu siku na siku. Mwishowe una lundo la picha ambazo macho ya binadamu hayawezi kuzimaliza.

Hapo ndipo inapoingia programu inayojifunza. Unaionyesha picha pamoja na majibu: huu una kolesteroli, huu hauna, huu unayo, huu hauna, mpaka ijue yenyewe. Mimi niliifanyia ugumu kidogo. Nilizificha chembe zote za kolesteroli, ikabaki kuona mafuta tu, itambue kwa namna mafuta yalivyosimama. Ikifaulu, kazi yangu ya shahada imekwisha.

Na ilibidi iishe. Chuo walishaniongezea muda, wakanionya kwamba safari hiyo ndiyo ya mwisho. Nyumbani nako Mama alishatoa yake. Miguu yake ilikuwa inavimba, daktari kamkataza kusimama sana, na duka la vitenge halijiuzi lenyewe. Siku moja alinikalisha, akaniambia: "Maliza hicho chuo chako, mimi nitatafuta mtu wa kunisaidia, wewe upite zako. Ukishindwa safari hii, unaingia dukani, mimi nakaa nyumbani na miguu yangu. Sisemi mara mbili." Na kweli hasemagi mara mbili. Sikulidharau duka, limenilisha na kunisomesha. Lakini nilijua nikishaingia mle sitoki.

Lile duka liko chini ya jengo letu, ndani kabisa mwa korido, na lina giza hata saa sita mchana. Sasa mnunuzi wa kitenge hanunui rangi asiyoiona. Umeme ukikatika, hakuna mjadala: nguo inatolewa nje mpaka mdomo wa korido, muuzaji anaishika juu, mteja anaiangalia juani, anaigeuza, anasema lete na ile ya pembeni. Muuzaji anarudi ndani, anatoka nayo, anarudi tena. Kwa miguu ya Mama hiyo ilikuwa adhabu. Ndiyo maana alinunua betri kubwa pamoja na inveta yake, akafunga taa nyeupe juu ya kaunta. Tangu hapo akawa anakaa kwenye stuli yake kama malkia, anarusha kitenge mezani, mteja anajionea. "Hii betri ndiyo miguu yangu," alikuwa anasema. Hakuna aliyeruhusiwa kuchajia simu pale. Hata mimi. Niliwahi kujaribu, nikatukanwa mbele za watu.

Turudi kwenye mafuta yangu. Chuoni kulikuwa na kompyuta moja yenye nguvu, inagombaniwa na watu wote kwa foleni. Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Dokta, alinipatia nafasi kidogo. Nikafanya mgawanyo ulioniingia akilini: tando zenye kolesteroli, ambazo ni nzito, nikazipeleka chuoni. Zile tupu, nyepesi, nikazifanyia nyumbani, kwenye kompyuta yangu iliyokuwa pale sebuleni inatoa joto kama jiko.

Nyumbani, umeme. Nisiseme sana maana nitapandwa na presha. Nilinunua yupiesi, kile kibetri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, hapo hapo mtaani, nikaapiwa kwamba ni orijino, ikawa inazimika kabla ya umeme wenyewe. Jengo zima likipiga kelele "Umekatikaaa!" mimi nashika kichwa. Baadaye jengo zima likishangilia "Umerudiii!" kama Simba na Yanga wamefungana, mimi nakimbilia kuwasha, kompyuta inaendelea pale ilipokuwa imehifadhi. Ikikaa kidogo, tena: "Umekatikaaa!"

Kulikuwa na kero nyingine ndogo. Utando ndani ya sanduku lake haukai mahali pamoja, unaelea. Unapanda taratibu mpaka unagusa dari la sanduku, halafu kwa namna hesabu zilivyotengenezwa, ukipita darini unatokea sakafuni. Unabaki na picha ya utando uliokatika, nusu juu, nusu chini. Kwa mafuta yenyewe haina madhara yoyote, lakini inaudhi kuitazama. Nikaandika mistari michache: kila kompyuta inapowashwa upya, kabla ya kuendelea, utando urudishwe katikati. Nikajiona mjanja kweli.

Programu ilipomaliza kujifunza, ilipatia. Si kupatia kidogo, ilipatia karibu zote. Dokta, mtu ambaye akikusifu sana ni "sawa, endelea," aliitazama ile grafu akasema, "Hii safi." Nilishuka ngazi za chuo nikihisi natembea hewani. Mama alipopata habari, mtaa mzima ulijua kabla hata sijavua viatu. Alichagua kitenge kizuri cha kijani dukani kwake, akapeleka kwa fundi kikashonwe sare ya familia nzima kwa ajili ya siku ya kuvishwa joho. Mama wa mashuka naye akapimwa. Nikasema, Mama, bado sijatetea kazi yangu mbele ya jopo. Akasema, "Wee, usiniletee mikosi."

Dokta alinipa kazi moja ya mwisho kabla ya jopo: niipe programu utando mpya kabisa ambao haijawahi kuuona. Nikatengeneza mmoja mtupu, nyumbani. Na wiki ile, sijui kulikuwa na mgeni gani mkubwa mjini, umeme haukukatika hata dakika. Hesabu zikaenda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuguswa. Nikaipa programu ule utando, nikasubiri huku nakunywa chai.

Ikasema una kolesteroli. Ikasema bila wasiwasi wowote.

Nikadhani nimekosea faili. Nikarudia. Una kolesteroli. Nikaisemesha kwa sauti: "Hauna! Nimeujenga mwenyewe kwa mikono yangu, hauna!" Mama wa mashuka alikuwa anapita kwenye ngazi, akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mashine. Akaongeza mwendo.

Nikaanza kuchokonoa. Nilibadilisha hiki, nikaondoa kile, nikachoka, na kwa hasira tu nikausogeza ule utando kwa nguvu mpaka katikati ya sanduku. Mafuta ni yale yale, hakuna chembe hata moja iliyogeuka. Programu ikasema: hauna kolesteroli. Nikausogeza juu: unayo. Nikaurudisha katikati: hauna. Nikaushusha chini: unayo.

Nilikaa pale nikacheka mpaka machozi, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko. Ile mashine haikuwa imeyaangalia mafuta hata siku moja. Tando za chuoni, ambako jenereta lipo, zilikuwa zimeelea zitakavyo. Za kwangu, kila umeme ulipokatika, zilirudishwa katikati na mistari yangu ya kijanja. Kwa hiyo mashine ilijifunza jambo moja tu: ulio katikati ni wa nyumbani, na wa nyumbani hauna kolesteroli. Nilikuwa nimeisomesha kwa miezi mingi kutambua kama umeme wa Kariakoo umekatika. Kazi hiyo bibi yangu angeifanya akiwa amefumba macho!

Hakuna mtu angejua. Hilo lilinikaa kichwani siku nzima, sitaficha. Grafu ilikuwa nzuri, Dokta ameridhika, sare zimeshonwa. Jopo lisingeomba kusogeza utando juu na chini. Lakini kila nikifikiria kusimama mbele ya watu na kusema mashine hii inatambua mafuta, nilijikuta nausogeza tena ule utando juu na chini, na jibu linageuka vile vile. Kama kuna siku mtu angeitumia kuchagulia dawa, angekuwa anachagua kwa umeme wetu.

Nikaenda kwa Dokta.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Umeleta sura ya mwisho?"

Nikamweleza. Alivua miwani, akaiweka mezani, akafumba macho. Kisha akasema, "Mimi nimeshawasimulia wenzangu." Akauliza kwa nini niligawanya zenye kolesteroli huku na zisizo nayo kule, nikasema niliona ndiyo rahisi. "Rahisi," akarudia, kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Akaniambia hata nikizirudisha zote katikati haitoshi, maana kompyuta zile mbili zina tofauti nyingine ndogo ndogo, na programu yangu imeshaonyesha tabia yake: itatafuta njia ya mkato. Zote zirudiwe, zenye kolesteroli na zisizo nayo, kwenye kompyuta moja, bila kukatikakatika.

"Chuoni nitapata nafasi?"

"Foleni imejaa mpaka baada ya tarehe yako."

"Na tarehe yangu haisogei?"

"Haisogei. Safari hii hata mimi siwezi kukuombea."

"Sasa nifanyeje, Dokta?"

"Tafuta umeme," akasema, akavaa miwani yake. Kama vile umeme unauzwa Kariakoo kwa mita.

Nilirudi kwa miguu, nikakatisha viwanja vya Mnazi Mmoja jua kali, nimekasirika na kila kitu: na Dokta, na mashine, na watu waliokaa vivulini wanapiga soga bila shida yoyote duniani. Mama alikuwa kwenye stuli yake chini ya taa nyeupe, miguu ameiweka juu ya robota la vitenge. Nikamwambia pale pale, maana ningekaa nalo ningepasuka.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inaangalia umeme unavyokatika?"

"Ndiyo Mama."

"Na mimi nimeshona sare."

"Nilikwambia usi..."

"Nyamaza. Kuna mtu aligundua?"

"Hakuna."

"Ila wewe."

"Ila mimi."

"Ukaenda kujisema mwenyewe."

"Ndiyo."

Akasonya msonyo mrefu ambao nadhani ulisikika mpaka Mchikichini. "We mtoto utaniua. Nenda juu. Kesho tutaongea habari ya duka."

Nikapanda ngazi nikijua imekwisha. Habari ya duka maana yake ilikuwa moja tu, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Nilizima kompyuta, nikaifunika shuka kama maiti, nikalala.

Asubuhi kukagongwa. Sikuamka. Kukagongwa tena. Nikapaza sauti kutoka kitandani: "Mimi si fundi simu! Nendeni kwa fundi simu!" Kukagongwa mara ya tatu, sasa kwa mguu. Nikafungua mlango na maneno yangu yote mdomoni, nikamkuta mbeba mizigo wa pale chini, jasho linamtiririka, betri ya Mama begani.

"Mama yako amesema uweke chini ya meza, mbali na maji," akasema. "Inveta naifuata sasa hivi."

Nilishuka zile ngazi pekupeku. Duka lilikuwa giza. Taa nyeupe imeng'olewa, waya unaning'inia. Mama yuko kwenye stuli yake anakunja vitenge kwa kupapasa.

"Mama, unafanya nini? Miguu yako je?"

"Miguu yangu nimekuomba uibebe?"

"Daktari amesema usisimame!"

"Daktari ndiye anayeuza hapa?"

"Si ulisema leo tutaongea habari ya duka?"

"Tumeshaongea. Duka halina taa. Basi. Panda juu ukafanye kazi yako, na ukivaa viatu itapendeza."

Nikabishana naye mpaka mama wa mashuka akatoka kuja kusikiliza vizuri. Haikusaidia. Nilipanda juu, nikafunga betri, nikaifunua kompyuta, nikaanza upya.

Kipindi kile sikipendi hata kukikumbuka. Kabla ya hapo, kelele za "Umekatikaaa!" zilikuwa zinaniumiza kwa ajili ya kompyuta. Sasa kompyuta iliendelea kuvuma, haijali, na mimi niliumia zaidi. Kwa sababu dirisha letu linatazama mdomo wa korido. Umeme ukikatika tu, baada ya muda kidogo namwona Mama anatokea, anatembea kwa kuegemea ukuta, kitenge kiko mkononi, mteja yuko nyuma. Anakiinua juani. Mteja anakigeuza. Mteja anatikisa kichwa. Mama anarudi ndani. Anatoka na kingine.

Nilikuwa nafunga dirisha. Kisha nalifungua. Siku moja kuna mama mmoja alimtoa na kumrudisha, kumtoa na kumrudisha, kila rangi haimfai, nikashindwa kabisa, nikapiga kelele kutoka kule juu: "We mama, si uchague! Nyekundu ni nyekundu tu, hata ukiigeuza!"

Mama akainua uso. "Funga dirisha hilo! Unanifukuzia wateja!"

Nikafunga. Nililia, na nikaitukana programu ile matusi ambayo hapa siyaandiki. Usiku nilimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, yeye ananuna kwa sababu ya mteja, mimi nanuna kwa sababu ya miguu.

Hesabu zikaisha. Tando zote, za aina zote mbili, zimetoka kwenye kompyuta moja, na zote nikaziweka katikati kwa usawa. Nikaifundisha programu upya kuanzia sifuri. Safari hii ilikosea. Ilipatia nyingi, ikakosea nyingine, na zile ilizokosea zilikuwa ngumu kweli, hata mimi nikizitazama nasita. Nilijaribu kuisogezea utando juu na chini, haikubabaika, ikashikilia jibu lake. Ilikuwa inayaangalia mafuta hatimaye, mjinga yule. Sijawahi kufurahia makosa ya kiumbe chochote kama nilivyofurahia yale.

Mbele ya jopo, mama mmoja profesa aliniuliza mbona matokeo yamekuwa ya chini kuliko yale aliyowahi kuyasikia kwa Dokta. Dokta akaangalia dari. Nikaeleza yote: kolesteroli chuoni, tupu nyumbani, umeme, mistari yangu. Walicheka mpaka mmoja akatoa leso. Wote wanaishi Dar, hakukuwa na cha kufafanua. Halafu wakafuta machozi, wakanibana kwa maswali mpaka nguo ikalowa mgongoni. Wakanitoa nje. Wakaniita ndani. Wakasema nimepita, nirekebishe vitu vichache.

Sikumpigia Mama simu. Nilitaka nimwone uso. Nikatembea mbio mbio mpaka Kariakoo, nikapishana na mikokoteni, nikakwepa watu, na nilipofika umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yake. Mama alikuwa amesimama mdomoni mwa korido, ameinua kitenge juani kwa mikono miwili, mteja anakisogelea na kukiacha. Miguu yake ilikuwa imejaa mpaka kandambili zinambana. Aliniona, hakushusha mikono.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Nikakichukua kitenge mikononi mwake, nikakiinua mimi. Mteja akauliza kama kuna cha bluu. Nikasema kipo, ngoja. Mama wa mashuka alipiga kigelegele kutoka ndani ya fremu yake, akaja na kiti cha plastiki. Mama akakaa, taratibu, kwanza mkono, kisha mwili wote, akatoa pumzi ndefu. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akafuta tena, akakaa nayo machoni. Nilisimama pale na kitenge cha watu juu, sijui nikishushe nimkumbatie au nisubiri.

"Mama?"

Akaishusha kanga. Macho mekundu, sauti ile ile.

"Basi nirudishie betri yangu."